Kuta za Uyoga Mugutha

Jumanne saa mbili asubuhi, Ngendo alikuwa akipanga matofali juu ya mabati yakauke. Aliyaotesha mwenyewe nyuma ya nyumba yake Mugutha: alichemsha magunzi ya mahindi na maganda ya kahawa, akachanganya na mbegu ya uyoga, akajaza kwenye kalibu za mbao. Baada ya wiki mbili nyuzi nyeupe za uyoga zilishikanisha kila kitu, na tofali likatoka jepesi kama mkate. Likishakauka halikui tena. Ndivyo alivyofundishwa kwenye semina Thika, na kwa miaka mitatu ilikuwa kweli.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali hayo. Majirani kumi na mmoja walijenga kwa mawe. Wote walinunua ploti kutoka kampuni moja ya ardhi. Mwezi huo wa sita alijitokeza mtu mwingine mwenye hatimiliki, na asubuhi hiyo tingatinga likaja na polisi. Lilisukuma nyumba zote kumi na mbili na kusawazisha ardhi, mawe na uyoga vikazikwa pamoja.

Watu wakahamia chini ya turubai kando ya barabara. Julai ilikuwa na baridi. Awino, binti wa jirani yao Auma, alikufa kwa nimonia. Alikuwa na miaka saba.

Wiki moja baada ya mazishi, kuta zilianza kutoka ardhini. Zilipanda polepole, nyeupe, na kufikia Ijumaa zilikuwa kwenye linta, juu ya madirisha. Ziliota zote kumi na mbili, kila moja mahali pake, zote za uyoga, hata za waliojenga kwa mawe. Dirisha la jirani mwingine, Kang'ethe, lilikuwa limepinda kushoto, kama fundi alivyoliacha. Kang'ethe alilitazama, akasema alitarajia angalau hilo lingerekebishwa. Kisha wakaokota mabati kwenye kifusi, wakaezeka.

Kando ya mlango wa Auma kulikuwa na alama za penseli. Alikuwa akimpima Awino hapo kila Krismasi. Aliziacha tano. Sasa zilikuwa sita. Auma aliweka kiganja kwenye ile ya juu.

"Ameongeza vidole vitatu," akamwambia Ngendo.

"Umri huo wanarefuka haraka," Ngendo akasema. Kisha wakaingiza kitanda.

Tingatinga lilirudi Jumanne. Dereva wake, Muthoka, alishuka akavua kofia mbele ya Ngendo.

"Mathe, si mimi. Nimetumwa tu."

"Najua. Anzia jikoni. Sebuleni bado tunatoa viti."

Muthoka akaanzia jikoni. Ijumaa kuta zilikuwa zimesimama tena, na kwa Auma alama zilikuwa saba. Ikawa hivyo Agosti nzima na Septemba. Polisi walizoea kuja na vitafunio.

Ngendo hakuacha kuotesha. Alipakia matofali kwenye mkokoteni akayapeleka Kalimoni, ambako familia nyingine zilikuwa zimevunjiwa.

"Zikeni moja kila kona," aliwaambia. "Na msiombe mtu ruhusa."

Novemba korti ilitaka ripoti kuhusu kiwanja kile cha Mugutha. Sorveya wa kupima ardhi aliyeitwa Ndambuki alifika mvua ikinyesha, na Ngendo akamkaribisha ndani. Alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akaegemeza fomu yake ukutani, akaandika: *Kiwanja kitupu. Hakuna jengo.*

Ngendo alisoma akiwa nyuma ya bega lake.

"Umekaa wapi ukinywa hiyo chai?"

"Jengo ni kitu chenye plani iliyopitishwa, mama," Ndambuki akasema kwa upole. "Hizi zimeota tu. Siwezi kuandika vitu vya kuota."

"Hata mtoto aliyekufa pale barabarani huwezi kumwandika?"

Ndambuki aligeuza fomu, akatazama upande wa pili. "Hakuna nafasi yake."

"Basi weka sahihi. Na majina yako yote, yasomeke."

Akaandika majina yote matatu. Kwa ripoti hiyo ardhi ingebaki ya mwenye hatimiliki, na Muthoka angekuja Jumanne kama kawaida.

Nje mvua ilikuwa imezidi. Ndambuki aliketi tena, akauliza kama anaweza kungoja ipungue.

Ngendo alichukua kikombe cha Ndambuki, akafungua mlango wazi kabisa.

"Toka kwa hii nyumba ambayo haiko," akasema.

Ndambuki akatoka, fomu kifuani, akanyeshewa.