Ngozi Niliyoifula

Mu saison ya mvua ya 1970 nilikuwa nafula nguo kwa Père Alexis, padiri mwenye kuendesha ndege ndogo ya kupeleka dawa ku dispensaire za mbali. Bwana yangu alikuwa amekufa. Ile kazi njo ilinilisha.

Siku moja ya Lundi, asubuhi, nilikuwa naanika mashuka. Ndege iliruka, ikapita juu ya miti, moteri ikakohoa mara mbili, kisha ikanyamaza. Nilishika rozari. Père hakujaribu kurudi. Alishuka mbele yake tu, mu mihogo ya Mama Chomba, kule Annexe, pembeni ya muji. Alitufikia akikanyaga velo ya kuazima, muzima, majani mu nywele. Alisema Mama Chomba alimuambia: "Mon père, kama unataka majani yangu ya sombe, bisha mulango."

Adalbert, mekanisie wetu, alitoa esansi, mafuta ya ndege, akaitia mu chupa. Chini ya chupa kulikuwa maji. Mapipa yetu ya esansi yalisimama inje, na mvua iliingia humo kidogo kidogo. Tulijua. Kwa hiyo kila mara Adalbert alikuwa anamimina esansi kupitia ngozi laini, yenye kuacha esansi ipite na kuzuia maji. Chef wa hangari, nyumba ya ndege, akasema safari hii Adalbert alimimina bila ngozi, kwa uvivu, basi afukuzwe, aende kwake. Adalbert, baba wa watoto sita, akaapa aliitumia.

Kwa mulango niliangalia ile ngozi mu mukono ya Adalbert. Ilikuwa nyeupe.

Siku mbili kabla ya ile Lundi, Samedi, niliikuta nyeusi juu ya meza ya hangari. Niliwaza ni kitambaa, nikaifula na sabuni, nikairudisha ingali na maji.

Hakuna mutu aliyeniona. Nilisali Baba Yetu, polepole, kisha nikaingia mu hangari.

"Njo miye nilifula ile ngozi. Kama ni kufukuza, mufukuze miye."

Adalbert alimimina maji juu ya ile ngozi: ilikuwa imekwisha kunywa maji, yakapita yote. Akakamata ngozi ingine, kavu, akailowesha na esansi kwanza: maji yakabaki juu, yakizunguka kama shanga.

Père Alexis alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Jeanne, ngozi yako iko safi kupita roho yangu."

Adalbert alibaki na kazi, na miye vilevile. Mapipa tuliyalaza chini ya mabati. Tangu pale Père hapande ndege mpaka miye niinue chupa ya esansi ku jua na kumuambia hakuna maji. Na ngozi? Adalbert aliitundika ku musumari, mahali mukono yangu haifike. Akipita karibu na kikapo changu cha nguo, anachungulia kwanza.