Kila Mtu na Darasa Lake

Binti yule walimwita Chiriku, na jina halikuwa la bure. Kwao alikuwa na mdomo kama cherehani: ukikanyaga tu, unashona mpaka uzi uishe. Kwa hiyo baba yake, mhandisi wa kiwanda cha saruji, alipohamishiwa kazi nchi ya mbali na kumwona binti amekaa mezani kimya kama maji ya mtungini, roho ilimuuma. Mwanzoni alijiambia ni uchovu wa safari. Miezi ikapita, na Chiriku bado alijibu kwa kutikisa kichwa.

"Mtoto ananyauka huyu," alimwambia mkewe. "Lugha ya hapa hana, rafiki hana. Na si muda mrefu tutaanza kuulizana habari za chuo. Tutamharibia maisha."

Dada yake mhandisi alikuwa na dawa tayari, na aliitoa kwenye simu kila Jumapili. "Nirudishieni mwanangu! Shule ya bweni iko hapa hapa, mwalimu mkuu namjua. Huko mtamlea awe bubu."

Shule ya kimataifa ilikuwepo, lakini mji mwingine kabisa. Iliyokuwa karibu ni ya serikali, nyuma ya ghorofa lao, na humo masomo yote yalifundishwa kwa lugha ya pale. Mhandisi aliona kumpeleka binti huko ni kumtupa mtoni asiyejua kuogelea. Akaamua: Chiriku arudi kwa shangazi. Mkewe, mfamasia aliyeacha duka la dawa ili familia isitengane, hakubishana. Aliomba jambo moja tu.

"Twende tukaione hiyo shule, baba Chiriku. Kama ni kuikataa, tuikatae tunaijua."

Wakaenda watatu. Mkuu wa shule alikuwa mama mwenye sauti nzito na ofisi iliyojaa michoro ya wanafunzi hadi nyuma ya mlango. Aliwapokea kwa bashasha, akaanza kumwaga maneno kama mvua ya mawe. Mhandisi hakuambulia hata moja. Akatoa simu yake imtafsirie, akaielekeza kwa yule mama. Simu ikatulia, kisha ikatangaza kwa upole: "Ng'ombe wako wote wanakaribishwa kuketi."

Mfamasia akaziba mdomo kwa mtandio. Mhandisi akabaki ameishika simu, hajui aketi au asimame. Ndipo Chiriku akafungua kinywa, akamwambia mkuu wa shule sentensi ndefu katika lugha ya pale, bila kigugumizi. Yule mama akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Umemwambia nini?" mhandisi aliuliza, macho yamemtoka.

"Nimemwambia baba anaelewana sana na mitambo ya saruji, ila na simu bado wanatafutana."

"Na hiyo lugha umeitoa wapi, wewe?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Kwa mama wa maua, pale chini kwetu. Mchana namsaidia kukata mashina na kufunga mashada. Yeye anaongea, wateja wanaongea, na mimi naokota."

"Mbona nyumbani umetunyamazia hivyo? Tumekosa usingizi kwa ajili yako!"

"Kichwa kilikuwa kimejaa, baba. Nilikuwa narudia maneno moyoni. Nilihisi nikianza soga zetu yatamwagika yote."

Mhandisi akakaa, sasa bila kuambiwa. Mkuu wa shule akaeleza na Chiriku akatafsiri: ataanza darasa moja nyuma ya wenzake wa umri wake, apate kuzoea. Akimaliza vizuri, ataomba nafasi ya chuo kikuu cha mji huo kama mtoto mwingine yeyote.

"Hutaona haya kukaa na wadogo zako?"

"Haya itaisha, baba. Lakini kukaa mbali na nyinyi sitakuzoea. Mimi sitaki bweni. Nataka nikitoka shule, mama yupo mlangoni."

Hapo mhandisi alitazama dirishani kwa muda, akijifanya anapima unene wa ukuta wa uwanja. Alipogeuka, alimpa mkuu wa shule mkono.

Shangazi alinuna, tena sana. Lakini Jumapili ile Chiriku aliishika simu mwenyewe, akamsimulia habari za mama wa maua, wateja, simu na ng'ombe, hadi shangazi akaomba poo: "Basi, mwanangu, basi! Soma huko huko, mboga yangu inaungua!"

Shule ile ilikuwa pia na darasa la lugha la jioni kwa wazazi wageni. Mfamasia ndiye aliyelivalia njuga, kwani chuo kikuu kilipokea wafamasia kutoka nje kusoma zaidi, mradi wafaulu mtihani wa lugha. Akajiandikisha, kisha akamkokota mumewe kwa mkono naye ajiandikishe.

Siku ya kwanza mhandisi alijikunja kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu. Zamu yake ya kujitambulisha ilipofika alisimama, akakohoa, akasema kwa fahari: "Mimi ni saruji." Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote.

Mwaka ulipozunguka, mfamasia alifaulu, na chuo kikuu kikampokea. Asubuhi ya kwanza mama na binti walitoka pamoja, kila mmoja na mkoba wake, wakigombania kioo cha mlangoni. Mhandisi, ambaye alikuwa amefeli na anarudia darasa la mwanzo, aliwapungia mkono kutoka dirishani na kuwapigia kelele kwa lugha ya pale.

"Amesema nini?" mkewe aliuliza huku wakishuka ngazi.

"Nadhani ametutakia masomo mema," alisema Chiriku, akicheka. "Au ametuambia tuvae soksi."