Kompyuta Iliyovishwa Gauni

Mwaka 2013 shule yetu pale Kibondo ilikuwa na kompyuta moja tu, na kompyuta hiyo ilivaa vizuri kuliko walimu. Mama Brighton, mke wa mkuu wetu wa shule, aliifumia gauni la kroshia, jeupe lenye maua mekundu, akalishonea satini kwa ndani ili vumbi lisipenye. Vumbi kweli halikupenya. Hewa nayo haikupenya.

Tangu ivae gauni lile, mashine ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Uwimana, karani wetu wa mkataba, yuko katikati ya kuchapa mtihani wa fizikia, mara kioo kinakuwa cheusi, kisha mashine inaamka na kumkaribisha upya kama mgeni. Kazi yote imepotea.

Mkuu, Mwalimu Tharsisi, alikuwa msomi. Kwanza aliulaumu umeme, ingawa taa ya darini haikuwahi hata kupepesa. Kisha akailaumu flashi ya Mwalimu Yusuph, akaipiga marufuku. Halafu ofisi ikaombewa, asubuhi na mchungaji, mchana na shehe, maana serikali haina dini. Mimi nilimwambia wazi, "Mkuu, hilo kasha lina joto la kuivisha kiazi. Livue gauni."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu Evaline, wewe si unafundisha historia?"

Mwisho akaipeleka Kasulu kwa fundi Isihaka. Gauni lilibaki nyumbani, kwani Mama Brighton hakutaka lishikwe na mikono yenye grisi. Huko Kasulu mashine ikakaa uchi mezani siku nzima, ikafanya kazi bila hata kikohozi. Fundi akapiga simu kusema ni nzima. Ikarudi, ikavishwa, na kabla ya chai ikazima.

Hapo Mkuu akapata jibu. Akatukusanya akatueleza kwa mantiki ya chuo kikuu: "Kasulu inafanya kazi, hapa inagoma. Tofauti ni nini? Mchapaji." Mwalimu Yusuph, aliyefurahi kuona lawama zimemhama, akaitikia kwa kichwa. Mnyonge hana haki. Uwimana akaambiwa mitihani isipokamilika Ijumaa, mkataba wake basi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomeshea wadogo zake kule Busunzu, na kila mtu mle ndani alilijua hilo.

Ijumaa Uwimana alifika mapema, akalivua gauni, akalikunja vizuri kitini. Akachapa. Mimi nilimsomea maswali kwa sauti, roho juu, nikingoja kioo kiwe cheusi. Hakikuwa. Saa tisa mchana mitihani yote ilikuwa imetoka, bado ina harufu ya wino.

Mkuu akaingia. Mitihani hakuitazama. Alitazama kile kiti.

"Nani kaivua?"

"Ni mimi, Mkuu. Tangu asubuhi haijazima hata kidogo."

Akaweka kiganja juu ya kasha. Halikuwa na joto. Nilimwona akielewa, jamani, nilimwona kabisa! Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani mtu akishaelewa mambo yamekwisha.

Nje tukasikia sauti ya Mama Brighton. Alikuwa anawaleta kina mama wa kikundi chake cha kufuma waje waone kazi ya mikono yake. Mkuu akalinyakua gauni akaivisha mashine mbiombio, huku jasho linamtoka, akavuta pindo mpaka likafunika kila tundu. Kisha akamwinamia Uwimana, akanong'ona.

"Binti yangu, mimi nimeshamwambia mama kwamba kosa ni lako. Sasa nikikubakiza ataniuliza kosa ni la nani. Wewe kazi utapata nyingine. Mimi leo nitalala wapi?"

Nilitaka kumrushia ile mitihani usoni. Uwimana aliinuka, akachukua mwavuli wake nyuma ya mlango.

"Ego, Mkuu," alisema, akiitikia ndiyo kwa Kiha. "Ulale salama."