Swichi ya Taa na Mama Mkwe

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akija kwa njia hii, wewe unapita ile. Akiingia mlangoni, unatokea dirishani, na mimi nilishawahi kutokea dirishani kweli, nikaacha ugali mezani. Jina lake silitaji hata leo. Mkwe akivunja heshima hiyo, wanamwita binti yao arudi nyumbani, na ng'ombe uliotoa watabaki kukutazama tu kutoka zizi la watu. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza, "Sasa wewe Enoka, shida ilikuwa nini?" Shida ilikuwa hiyo.

Nilikuwa na gereji Bunda, karibu na ghala la pamba. Naiita gereji, lakini ilikuwa banda la mabati na ukuta mmoja. Miaka ile watu walikuwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, spea hakuna, waya hakuna, hata msumari unauomba kwa adabu. Siku hiyo msaidizi wangu, Stanislausi, alikuwa na zamu ya kulima shamba la kijiji. Niko peke yangu, nimenuna kama kawaida yangu, pikapu ya ushirika ikaingia. Dereva ni Mseti. Nyuma kwenye magunia kakaa mke wangu Hana, aliyekuwa kwao akisaidia kuvuna pamba. Na mbele, kwenye kiti cha abiria, mama mkwe.

Nikaruka nyuma ya ukuta.

Hana akanifuata huko huko. "Mama kapigwa na maksai," akasema. "Nyonga imevunjika. Zahanati wamemfunga mbao, wakasema leo hii afike hospitali Musoma. Sasa taa za gari hazikai. Mseti anavuta swichi zinawaka, gari likiruka kidogo zinazima."

Mseti naye akaja, mikono mfukoni. "Fundi, jua ndiyo hilo linaondoka, na mvua unaiona. Pale njia panda ya Butiama ng'ombe wanalalaga katikati ya barabara. Bila taa mimi siendi."

"Basi mteremsheni, nitengeneze."

"Nesi kasema asisogezwe," Hana akasema.

Ningeunga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, lakini waya wa urefu ule Bunda nzima haukuwepo. Nikamwambia Mseti alale yeye chini ya dashibodi, mimi nimwelekeze nikiwa nyuma ya ukuta. Nikamwambia kitu cha kwanza atoe waya wa betri. Hakutoa. Moshi ukatoka, na mimi nikamtukana tusi ambalo sikumbuki kama nimewahi kulitoa tena, na mama mkwe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akisikia kila neno. Nikaanza kuona aibu kabla hata sijaligusa gari.

"Enoka," Hana akasema, sauti yake imeshuka, na akiishusha hivyo mimi huwa naogopa. "Unataka mama yangu alale hapa kwa sababu ya haya zako?"

Akaenda akamfunika mama yake kanga, kichwa mpaka magoti. Nikatoa waya wa betri mwenyewe. Kisha nikaingia kwa mlango wa dereva kinyumenyume, nimefumba macho, nikalala chali sakafuni. Miguu yangu ikabaki nje, kichwa changu kikawa kando ya nyayo za mama mkwe. Suruali yangu ilikuwa imepasuka mahali pabaya. Mseti alisimama pale pale anapotazama mpasuko ule, akakohoa.

Sijui kama nimewahi kujidharau namna ile. Mwanamume mzima, baba wa watoto, nimelala kama mende aliyepinduliwa miguuni pa mtu ambaye sitakiwi hata kuikanyaga njia aliyopita.

Nikalegeza nati, swichi ikaning'inia nyuma ya dashibodi. Waya zake zilikuwa fupi, haitoki nje, ni kuifungulia mle mle. Tochi nikaishika kwa meno. Ikateleza, ikabingiria, nikaisikia inagonga mlango wa upande wake. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, nikiachia tu kile kispringi cha ndani kinapotea. Nikatulia, sijui niseme nini na niseme kwa nani.

Mkono ukatoka chini ya kanga. Ukapapasa, ukaiokota tochi, ukanimulikia. Mwanzo mwanga ulitangatanga kwenye paa. Halafu ukatulia palepale penye swichi, nikajua kanga imeshaondolewa usoni na mama mkwe ananitazama. Sikugeuza macho, wallahi. Nilitazama shaba tu.

Ugonjwa wa swichi ulikuwa mdogo. Ulimi wa shaba ulikuwa umeungua na kulegea, haugusi sawasawa. Nikaupiga msasa mpaka ukang'aa, nikaukunja kidogo ukaze. Nilikuwa narudisha kifuniko wakati kitu cha vuguvugu kiliponidondokea kwenye paji la uso. Nikadhani ni mvua inavuja. Kikadondoka tena, kikaingia jichoni, kikawasha, na harufu ikaja nyuma yake.

Tochi ikaanza kutetemeka.

Mama wa watu alikuwa kwenye kile kiti tangu mchana. Hawezi kusimama, na kumwambia Mseti asimamishe gari asingeweza. Alijizuia njia nzima, akashindwa hapo, juu ya uso wa mkwe wake. Mimi nikaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza. Masikio yangu yalipata moto kwa aibu, na haikuwa yangu tena, ilikuwa yake, imenirukia.

Nikamfikiria Mseti. Yeye ndiye atakayesaidia kumbeba kule Musoma, na atakuta amelowa. Mseti hana kifua. Kesho yake habari ingekuwa ghalani, keshokutwa mnadani.

Nikatoka, nikarudisha waya wa betri, nikavuta swichi. Taa zikamulika ukuta, nikalitikisa gari kwa bega, hazikuzima. Nikasema, "Mseti, nipe hilo galoni la maji ya rejeta ninawe." Nikajiegemeza mlangoni kama mtu anayetafuta spana yake, nikaliinamisha galoni. Maji yakamwagika kwenye kiti, kwenye kitenge chake, kwenye gunia lililokuwa chini ya miguu yake, yakatoka mpaka nje.

Mseti akacheka. Hana hakucheka.

"Umemmwagia mama maji? Mgonjwa?"

"Limeniponyoka."

"Wewe huna akili, Enoka." Akapanda nyuma kwenye magunia, wakaondoka. Nilisimama nikitazama taa mpaka zikapotea kwenye kona, zinawaka vizuri kabisa.

Mama mkwe alilazwa muda mrefu, na Hana alikuwa naye. Waliporudi, Hana alishuka kwao, hakuja kwangu. Baadaye nikaitwa. Aliyesema ni Mniko, mdogo wake baba mkwe, na nusu ya ukoo ilikuwa uani.

"Kuingia mle garini tunakusamehe, ulikuwa ugonjwa," Mniko akasema. "Lakini maji je? Mtu unayeshika vyuma kila siku, galoni linakuponyokaje, juu ya mama wa mkeo?"

"Liliniponyoka, baba."

"Mseti anasema uliliinamisha."

Mimi, ninayegombana na mtu kwa ajili ya spana, nilikaa nimeinama kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Hana alikaa na wanawake, amenipa kisogo. Mniko akasema binti yao atabaki nyumbani, na watu wakaitikia.

Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, kwa sababu uani nilikuwepo mimi, na yeye hakuweza kuja.

"Mniko, yale maji aliyamwaga makusudi. Mimi nilikuwa nimejikojolea. Nimemkojolea usoni, akanisitiri, akajifanya mjinga mbele yenu. Mnataka niseme tena?"

Wazee walitazama chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Kitu nilichokificha mpaka kwa mke wangu, mwenyewe amekitoa mbele ya wanaume wa ukoo, wakubwa kwa wadogo, ili mimi nisikose mke.

Hana aliingia ndani, akakaa huko kidogo. Akatoka na mzigo wake wa nguo, macho mekundu, akapita mbele ya Mniko bila kuaga.

"Twende," akaniambia.

Nikainuka nimekigeuzia kisogo kile kizingiti, kama inavyotakiwa. Nilitaka kumshukuru mama mkwe, na heshima hainiruhusu mpaka leo.