Mkono wa Kushikia Jembe

Dereva alikuwa amestaafu, lakini ile sauti ya kuamrisha abiria hakuirudisha kazini pamoja na funguo za basi. Aliingia nayo kwenye duka la zana asubuhi ile, mkewe akimfuata nyuma, akaita kabla hata ya kusalimia, "Dada! Leo tunaanza bustani. Tupe silaha!"

Haraka yake ilikuwa na sababu. Tangu aache kazi na kuanza kushinda nyumbani, mkewe alikuwa akisema anataka kwenda kuishi kwa binti yao. Si kwenda kutembea akarudi, hapana, kuishi kabisa. Begi lilishafungwa, liko nyuma ya mlango wa chumbani, na Dereva hakupita hapo bila kulitupia jicho. Mtu umehangaika na barabara maisha yako yote, siku unayotulia ndiyo mwenzio anafunga mizigo! Alipomuuliza ana nini, mke alijibu hana kitu. Basi Dereva akajipa jibu mwenyewe, kama kawaida yake: mwanamke amechoka kukaa bure, apewe bustani pale uani, moyo utatulia. Mke akakubali kuja kutazama zana. Kutazama tu, alisema.

Dereva akaanza kuteremsha vitu ukutani. Jembe kubwa kuliko yote, sururu, panga, reki mbili, akavuta hata toroli.

"Sururu ya nini, baba?" aliuliza muuza zana, mwanamke wa makamo asiye na subira na wateja wenye kelele. "Mnapanda mboga au mnachimba kisima? Anayeanza anahitaji jembe jepesi, reki, koleo dogo la kupandikizia miche, na mkasi wa kupogolea. Basi. Hayo mengine yatakaa stoo yashike kutu. Nani mlimaji?"

"Huyu hapa."

"Basi wewe kaa pembeni. Mama, pita huku nyuma. Kwangu hatoki mtu na jembe ambalo hajalilimia."

Nyuma ya duka kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho wateja walijaribia majembe. Kilikuwa kimelimwa na watu wengi hadi udongo wake ukawa laini kama unga. Mke wa Dereva akapewa jembe jepesi. Akaliinua upande wa kulia, likayumba, likaangukia ubapa na kumkosa kidole cha mguu kidogo tu.

"Haa! Si nilijua!" Dereva alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Dada, huyu kwetu ukoo mzima unamwita Mama Kishindo. Kikombe kikiingia mkononi mwake kiandike wosia!"

Alilisema kwa mapenzi, kama alivyolisema kwenye kila harusi na kila kikao cha ndugu. Mke naye akatabasamu, kama alivyotabasamu siku zote. Muuza zana hakucheka. Alimpa mkasi na kijiti. Mkasi ukakitafuna kijiti bila kukikata.

"Mama," alisema muuza zana, "wewe si mtu wa mashoto kweli?"

"Mashoto?" Aliyejibu alikuwa Dereva. "Nimekula chakula cha huyu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ningekuwa sijui?"

Mke alimtazama mumewe haraka, kisha akaokota jembe, akabadilisha mikono.

Jembe likapanda, likashuka, likazama. Likapanda tena. Udongo ukageuka kwa mstari ulionyooka, na mwanamke akasogea mbele bila kuhema, bila kuyumba, mdomo ameubana kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Muuza zana akamletea mkasi mwingine, uliotengenezewa watu wa mashoto. Akaupokea kwa kushoto. Kijiti kikakatika mara moja.

Dereva alipigwa na butwaa. Kicheko kilimkauka na mdomo ukabaki wazi. Ilikuwa kama kuingia jikoni kwako ukakuta mgeni anajua sukari inakaa wapi. Alimjua huyu mwanamke kwa kikohozi chake, kwa mlio wa kandambili zake, kwa vikombe vyote alivyovunja. Huyu aliyesimama mbele yake na jembe, hakumjua.

"Nani alikukataza mkono huo?" aliuliza, na hasira ilikuwa imeanza kumpanda, tayari kumtafuta mtu huyo hata kama yuko kaburini. "Ni baba yako? Ni mwalimu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Tulikuwa maharusi wapya. Wenzako wa kazini walikuja, nikakuletea chai, nikakupa kikombe kwa mkono huu. Ukasema, 'Mke wangu, huo si mkono wa chooni? Unataka kuninywesha nini?' Wakacheka wote. Na mimi nikacheka."

Dereva alitafuta kichwani. Alipekua, akapekua tena, hakuona kikombe wala chai wala wenzake. Hakukuwa na kitu.

"Sikumbuki," alisema, na sauti ya kuamrisha ilikuwa imemtoka yote. "Mke wangu, wallahi sikumbuki. Ulikuwa utani."

"Najua ulikuwa utani. Ndiyo maana sikuwa na pa kushtaki."

Alilisema bila ukali, akipangusa udongo kwenye bapa la jembe. Kisha, kwa kuwa mlango ulishafunguka, akatoa na yaliyobaki. "Ukiwa safarini nilikuwa napika kwa kushoto, nafagia kwa kushoto, nashona kwa kushoto. Sikuvunja hata kijiko. Nikisikia honi yako pale kona, nahamisha kisu. Nilikuwa naweza, kwa sababu ulikuwa unaondoka tena. Sasa baba, huondoki."

Muuza zana alijifanya ana kazi ndani ya duka, akaingia. Dereva alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni. Kumbe aliyemtengeneza Mama Kishindo ni yeye mwenyewe, kisha akazunguka naye miaka yote akimcheka. Kumbe ile honi, aliyoipiga kila aliporudi ili mkewe afurahi!

"Nisamehe," alisema.

"Nilikusamehe zamani."

"Basi turudi nyumbani. Fungua begi. Tumia mkono unaoutaka, tumia hata mguu, na atakayecheka namtoa nje kwa kola, awe ndugu yangu, awe nani. Nakuapia." Machozi yalikuwa yanamlenga na hakuyaficha. "Na hilo jembe lete nikubebee."

Akapiga hatua kumwendea, mikono ameinyoosha.

Alipokaribia, jembe lilitoka mkono wa kushoto likahamia wa kulia. Mwanamke hakuwa amekusudia. Lilihama lenyewe, haraka, na mkono wa kushoto ukajificha kwenye mikunjo ya gauni.

Wote wawili waliuona. Mke ndiye aliyeshtuka zaidi. Aliutazama mkono wake, kisha akamtazama mumewe kwa huruma.

"Umeona?" alisema taratibu. "Si kwamba sikutaki, baba."

Dereva alishusha mikono. Akarudi nyuma hatua moja, mwanamke akabaki vilevile. Akarudi nyingine. Akaendelea kurudi kinyumenyume, macho hayatoki kwenye jembe, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa duka, na hapo ndipo jembe likahamia kushoto.