Mashahidi Kwanza, Toga Baadaye

Ofisi ya kuandikisha wanafunzi wa chuo kikuu ilikuwa inafunga saa sita kamili, na fomu ya Bibiane ilibaki na nafasi moja tupu: fakilte, kitivo atakachosomea. Nyuma yake kwenye foleni, baba yake, papa Aloys, alisimama kama askari wa barrière, kizuizi cha barabarani.

"Andika droit. Unangoja nini? Mutaa yote ya Muhumba inajua mutoto wangu atakuwa avoka, atavaa toga kortini."

"Nitakuwa, papa."

"Basi andika!"

Papa Aloys hakuipenda hiyo droit, yaani sheria, hata kidogo. Sheria ilikuwa imemcheka, na alitaka mtoto wake akamjibie. Shamba lao la kijijini Miti, babu alilipata kwa kalinzi, mapatano ya kimila, mwaka wa 1948: alimpa chifu ng'ombe, kasiksi, pombe ya ndizi, ikanywewa mbele ya mashahidi kumi na wawili, neno likafungwa hadi kwa wajukuu. Ndivyo Bushi, nchi yao ya asili, ilivyogawa udongo wake kabla ya muhuri wa mtu yeyote. Vita vya 1996 vikawakimbiza. Waliporudi walimkuta mkubwa mmoja, mwenye ndugu jeshini, ameshapanda miti ya kwinini hadi juu ya kaburi la babu, na karatasi anayo. Mbele ya jaji papa Aloys akasema, "Karatasi sina. Walikunywa kasiksi." Chumba kizima kikaangua kicheko, watu wa mjini wakimcheka kana kwamba wao walizaliwa na muhuri kitovuni!

Jaji aliuliza kitu kimoja tu: mashahidi wako wapi, na maneno yao yameandikwa wapi?

Papa Aloys aliondoka na kile kicheko. Bibiane aliondoka na lile swali.

Sasa ni 1999, vita vya pili vimewakalia shingoni, na Jumapili iliyopita Bibiane alifika Miti kwa miguu. Wale mashahidi kumi na wawili wamebaki hai watatu.

"Papa, droit ni miaka tano. Nikimaliza, nani atakuwa angali hai kule?"

"Mungu anajua."

"Anajua, lakini jaji hatamuita Mungu."

Akaandika: Histoire.

"Istoria!" Foleni nzima ikageuka. "Utaimbia watoto wafalme wa Ulaya wenye walisha kufa? Muhumba nitawaambia nini?"

"Waambie naanzia fasi kesi yetu ilianguka. Graduat, diploma ya kwanza, ni miaka tatu. Kule wanafundisha kukamata neno ya muzee: nani alisema, siku gani, na mwenzake anasema je. Kazi yangu ya mwisho itakuwa juu ya kalinzi. Kisha naingia droit, na dosye yangu ya ushahidi mukononi."

Maman Domitille, sekretere, akagonga meza. "Papa, kama ni kesi, tribinali iko kule chini. Hapa tunataka sinyatire ya muzazi."

Papa Aloys akaishika kalamu muda mrefu. Foleni ikaguna. Mwishowe akatia sahihi, kwa nguvu, karatasi nusura ipasuke.

"Koko Cibalonza, ule bibi muzee," akasema, bado amekunja uso. "Ile siku ya kalinzi alikuwa binti, ndiye alibeba kasiksi. Meno imebaki mbili, lakini akili iko. Anzia kwake. Na usiende mikono mitupu: neno ya kalinzi haitoke mu koo kavu."

Bibiane alikwisha kufungua daftari.

"Polepole, papa. Babu alikuambia karibu na chifu alikaa nani?"