Neno la Kusimamisha Bodi

Mimi ni mtu wa kusafisha. Nikiona kitu kimekaa tu hakina kazi, mikono inaniwasha. Kwa hiyo nilipokabidhiwa faili ya Ami Marhoon nilifurahi kama mtu aliyepewa stoo chafu na ufagio mpya.

Ilikuwa faili ya mipangilio ya kuwashia bodi. Tunazo bodi za kompyuta kumi na mbili, kila moja ndogo kama kiganja, zimefungwa kwenye vivuko vya wadi, mito mikavu inayofurika ghafla mvua ikinyesha, milimani nyuma ya Maskati. Kazi yake ni kupima maji na kuwasha taa nyekundu yakipanda, watu wasitie magari yao mle. Kila siku saa sita mchana bodi hujizima na kujiwasha upya. Ikiamka, kabla ya kufanya chochote, husoma ile mipangilio: ianzie wapi, isubiri sekunde ngapi, na fundi akitaka kuisimamisha aandike nini.

Hapo kwenye kuandika, Ami Marhoon, aliyeitunza faili hiyo miaka tisa kabla ya kustaafu, alikuwa ameweka neno "ngojakwanza".

Niliona haya. Ofisini kwetu Ghubra tunazungumza Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili ni cha nyumbani, cha jikoni kwa mama na cha simu za mashangazi. Jumapili wakaguzi walikuwa waje kuipitia faili, na sikutaka mtu aniulize mzaha ule maana yake nini. Kwangu ulikuwa mzaha, kwani Ami ni mtu wa masihara toka zamani. Nikaufuta mstari. Bila neno maalumu, herufi yoyote inatosha kuisimamisha bodi, na mimi nikaona nimewarahisishia mafundi kazi. Nikaijaribu bodi ya mezani, ya majaribio tu, mara ishirini, ikawaka mara ishirini. Alhamisi asubuhi nikaituma mipangilio mipya kwenye bodi zote kumi na mbili, kisha nikaenda kunywa kahawa.

Saa sita zikajizima. Saba zikarudi. Tano kimya.

Yaarub, mkubwa wetu, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, simu mkononi. Utabiri ulisema mvua kubwa milimani kuanzia saa nane. Sikumficha kitu. Nikamwambia ni mimi, nimefuta mstari, na vivuko vitano havina taa. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Aliwapigia askari wa barabarani. Walikuwa na magari karibu na vivuko vinne. Cha tano kilikuwa mbali, gari lingechukua zaidi ya saa mbili kufika, na huko ndiko wanakopita watu wakitoka makazini na watoto wakirudi skuli.

Nikampigia Ami Marhoon kwake Hail.

"Shikamoo, Ami. Mimi Hajar."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka? Una nini?"

Nikamweleza yote.

"Lile neno umelitoa?"

"Nimelitoa, Ami. Nilidhani unafanya masihara."

"Haya, skiza. Bodi yako ya mezani, waya wa kompyuta umechomekwa?"

"Umechomekwa."

"Basi. Kule wadini hamna waya, tundu li wazi. Nyaya za umeme za njiani, radi, kila kitu kinaliingizia uchafu, na bodi inauona kama herufi. Inasema, mtu kaandika, basi nisimame. Hazikufa, mwanangu. Zimesimama zinakungoja wewe. Nnajua, yalinikuta mimi mwaka wa kwanza. Ndo nikaweka neno refu, uchafu hauwezi kuliandika."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. "Sasa nifanye nini? Zikisimama hivyo siwezi kuzifikia kutoka hapa."

"Ile saa ya ulinzi?"

Kila bodi ina kisaa pembeni yake: bodi ikikaa dakika arubaini haijatoa habari, kisaa hukata umeme na kuurudisha. Nikajaribu kukumbuka kama nako nimepitisha ufagio wangu.

"Sijui, Ami. Pengine nimeigusa."

"Huwezi kuigusa. Haimo kwenye faili, nimeichomelea kwa mkono wangu. Itaziwasha tena. Nyengine zitapita, nyengine zitakwama tena, bahati tu. Ikipita moja, ipelekee neno lake hapo hapo. Na zile saba zipelekee sasa hivi, kabla ya saa sita ya kesho."

Nikazipelekea saba. Saa saba kasoro dakika ishirini zikazuka mbili, nikazirudishia neno kabla sijavuta pumzi. Saa saba na dakika ishirini zikazuka mbili nyingine. Ikabaki moja, na ilikuwa ile ile ya kivuko cha mbali.

Saa nane nilikodoa macho kwenye skrini. Haikutokea. Imekwama tena. Huko milimani mvua ilikuwa imeanza, na Yaarub akasema gari la askari bado liko njiani. Nilimwomba Mungu kwa lugha zangu zote. Dakika zile arubaini nilizichukia moja moja.

Saa tisa kasoro dakika ishirini ikazuka. Kipimo chake cha kwanza: maji mita moja na robo. Taa: imewaka. Kwa haraka nikaandika neno vibaya mara mbili kabla ya kulituma sawasawa.

Robo saa baadaye simu ya Yaarub ililia. Alisikiliza, akanigeukia. Askari wamefika. Wamekuta magari sita na basi moja la skuli yamesimama mbele ya taa nyekundu, watoto wako madirishani wanayatazama maji. Nilikilaza kichwa juu ya meza nikalia kama mtoto, na moyo ukawa mwepesi kuliko ulivyopata kuwa mwaka mzima.

Nilipompigia tena Ami akamhimidi Mungu kwa sauti. Hapo hasira zangu zikarudi, maana nikishatulia ndio zinapata nafasi.

"Ami, miaka tisa. Kwa nini hukuandika sababu?"

"Nilidhani ntakuwepo mwenyewe," akasema. "Haya, andika. Mimi nnasema."

Akasema, nikaandika juu ya mstari wa lile neno, kwa maneno yake mwenyewe: tundu li wazi, uchafu unaingia kama herufi, neno hili lisitolewe. Sikuyatafsiri. Jumapili wakaguzi walipofika pale waliuliza hii lugha gani, nikawaambia ni ya kwetu, na nikawasomea kwa sauti mpaka mwisho.